Ukuta wa Mbaazi

Machochwe,
12 Februari 2023

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Wegesa binti yako hajambo, ila goti linamsumbua kukiwa na baridi. Gloria ameingia darasa la tatu, na sasa anaandika jina lake kwenye kila mlango. Ng'ombe wamekonda, mvua bado tunaisikia kwa majirani tu.

Naomba usishtuke kuona mwandiko wangu. Tangu nimuoe binti yako hatujawahi kuzungumza, zaidi ya salamu ile niliyokutupia kwa mbali nawe ukaniitikia ukiwa umegeukia migomba. Ningekupigia simu, lakini sauti ya mkwe iingie sikioni mwa mama mkwe, hapana, siwezi. Barua haina mdomo wala macho. Nimefikiri sana, nimeona haivunji kitu.

Wegesa alivyorudi kutoka kwako baada ya Krismasi alilia mpaka nikaogopa. Anasema ulianguka na ndoo kwenye njia ya mtoni, na hukumwambia mtu. Shemeji yangu Magige yuko Kewanja anatengeneza magari, amepanga chumba kimoja, hata kitanda cha pili hakiingii. Mama, nakuomba uje ukae kwetu. Nitakujengea nyumba yako upande wa mashariki, yenye geti lake, usipite kwenye mlango wangu hata siku moja.

Uwanja wangu ni mkubwa na nimeupamba. Nimeupanda wote ukoka, na maua ya rangi nyingi, kama tunavyopanda pale hotelini karibu na hifadhi ninakofanya kazi ya bustani. Wapita njia wananicheka, lakini panapendeza. Utapumzika kivulini ukitazama maua.

Ni mimi mkwe wako,
Ezra Wangwe


Gorong'a,
3 Machi 2023

Baba Gloria,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa Magige chini ya betri ya gari, imefika ina mafuta kila kona. Nimeisoma hivyo hivyo. Mimi mzima. Mbuzi wamezaa, na jirani yangu Winfrida amepata mjukuu mwenye sauti kama honi ya lori.

Kwanza, sikuanguka. Niliteleza. Ni vitu viwili.

Pili, tangu lini mama mkwe akahamia kwenye mji wa mkwe wake? Nikikohoa unisikie? Nikianika kanga zangu uzione kwenye kamba? Sisi tulilelewa hivi: ukikutana na mkwe njiani, mmoja anaingia majanini. Leo niingie majani gani, na nyumba ziko jirani? Watu wa hapa watasema, ng'ombe wa mahari wa Ezra waliliwa wakaisha, sasa mama mkwe amemfuata na mdomo wake.

Tatu, maua. Jamani! Wegesa aliniambia nikadhani anatania. Mwanaume mzima, mwenye ndevu, unamwagilia kitu kisichoingia sufuriani? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ningelitaka jembe siku ya kwanza, na kwako lingelima nini, ukoka? Hapa kwangu nikifungua mlango mgagani huu hapa, maboga yamepanda juu ya choo, mnafu umeota penyewe kwenye jivu. Nachuma kabla sijanawa uso. Kwako nikichuma hayo maua, nitayapika na nini?

Kwa hiyo nashukuru, na habari hii usiniandikie tena.

Mbegu za mgagani nimezifunga kwenye kitambaa, ni za Wegesa. Mwambie apande palipomwagwa jivu, asizifukie sana.

Ni mimi,
Nyangi, mama yenu


Machochwe,
26 Machi 2023

Mama mkwe,

Shikamoo. Mvua imefika, na mbegu zimefika. Gloria alizihesabu akachoka. Wote tunakusalimu.

Umenikataza nisiandike habari ile, na siiandiki. Habari za kulima hukunikataza.

Nimeng'oa ukoka. Siku ya kwanza nilikuwa na huzuni, sikufichi, maana niliubeba kwa gunia kutoka kazini, nikaumwagilia kiangazi kizima. Wegesa yeye alikuwa anaimba. Mahali pa ukoka nimetandaza matembele, yanafunika ardhi vizuri, na ukitaka mboga unainama tu. Mbele ya dirisha nimeweka mipapai. Geti nimelipandishia pasheni. Nyekundu ya maua nimeipata kwa choya, ile ya kutengenezea juisi, hata wapita njia wamesimama kutazama, safari hii bila kucheka. Nje kabisa, kuzunguka uzio, nimepanda pilipili kali, kwa sababu tembo walitoka hifadhini wakala mahindi ya jirani, na wanasema tembo hapendi pilipili. Tutaona.

Jambo moja zaidi. Kutoka kwenye ghala mpaka mgomba wa mwisho nimepanda mistari miwili ya mbaazi. Zinagawa uwanja pande mbili. Mimi ni mrefu, nadhani mgongo wangu uliuona siku ya harusi. Mbaazi zikinipita kimo zitakuwa ukuta, na ukuta wa kuliwa. Mtu akikaa upande wa mashariki, mimi sitamwona na yeye hataniona. Bomba la maji liko upande huo huo wa mashariki, kwa hiyo mimi nitachota kisimani. Nikilazimika kupita karibu, nitakohoa kwanza.

Sijasema mtu huyo ni nani.

Ezra


Gorong'a,
7 Mei 2023

Baba Gloria,

Marahaba. Mnaendeleaje? Goti la Wegesa alichue kwa mafuta ya ng'ombe ya moto, si hayo ya dukani. Kama mistari yangu inapanda mlima usijali, karatasi hii haina mistari, na nimeiandika jioni.

Hapa nimepata kituko. Nilipalilia mnafu wangu asubuhi nzima, nikajisifu. Winfrida akaja, akakaa chini kwa kicheko. Kumbe nimeng'oa mnafu wote, nimeacha magugu yamesimama kama askari. Lilikuwa jua, lilinipiga usoni. Usimwambie Wegesa, ataanza kulia tena.

Kuhusu mbaazi zako, mistari miwili haifai. Kuku watapita, na macho yanapita panapopita kuku. Panda mitatu, kwa kupishana, shina la huku lizibe nafasi ya kule. Weka mbolea ya mbuzi, ya ng'ombe ikiwa mbichi itaunguza.

Sisemi kwamba nakuja. Nasema tu kwamba mtu akijenga ukuta, aujenge.

Nyangi


Machochwe,
20 Agosti 2023

Mama mkwe,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya aibu. Nyumba ya mashariki imeezekwa, bati limefika mpaka mwisho, mlango unatazama jua linapotoka. Mgagani wako umejaa mbele yake. Mpaka hapo ni habari njema.

Mama, nimeuharibu ukuta.

Kule hotelini kila ua wa mimea ukizidi kifua tunaukata ukae mraba, wageni wapige picha. Mkono wangu umezoea. Jumamosi moja niliamka vizuri, nikaona matawi ya mbaazi yametoka huku na huku kama nywele za aliyelala vibaya. Nikachukua mkasi mkubwa. Nikaunyoosha ukuta wote, juu na pembeni, nikarudi nyuma nikautazama. Ulikuwa umenyooka kama sanduku, nikafurahi kweli.

Wegesa alitoka jikoni akapiga yowe, majirani wakadhani tumeibiwa ng'ombe. Nilikuwa nimekata maua yote. Hakuna hata mbaazi moja itakayoiva msimu huu. Na ukuta, uliokuwa umenikaribia utosi, sasa unaniishia kidevuni. Tangu hapo Wegesa akitaka kuniambia kitu anamtuma Gloria. Sasa nina wakwe wawili.

Nifanye nini? Ning'oe nipande upya, au?

Nina swali jingine, halihusiani na hili. Ukiamka asubuhi, ni mimea gani unapenda kusikia harufu yake? Nauliza tu.

Ezra


Gorong'a,
1 Oktoba 2023

Baba Gloria,

Marahaba. Barua hii anaandika Winfrida, mimi nasema. Miwani yangu imevunjika.

(Mimi Winfrida nakusalimu. Hajawahi kuwa na miwani.)

Nimecheka habari ya mkasi mpaka Winfrida alifikiri nalia. Umezinyoa mbaazi! Toka nizaliwe sijasikia. Sasa using'oe kitu. Mbaazi ni mti mvumilivu, ukikatwa juu unatoa matawi mengi kuliko mwanzo. Tia mbolea, subiri mvua za vuli. Na mkasi mpe Wegesa aufungie kabatini.

Harufu. Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima? Napenda mchaichai. Kivumbasi pia. Na jani la nyanya, ukiliminya linabaki kidoleni mpaka jioni.

Haya, sasa nisikilize vizuri, na wewe Winfrida uandike kama nilivyosema, usipunguze.

Magige alikuja Jumapili. Alinikuta nashika kamba ya kuanikia nguo. Nimeifunga kutoka mlangoni mpaka chooni, naifuata kwa mkono. Alisimama pale akaniangalia, sijui muda gani, maana hakuniamkia. Halafu nikasikia anapenga kamasi. Akasema twende kesho kwa Ezra. Nikamwambia ukuta haujakua. Akasema, "Ukuta wa nini, mama? Si huoni?"

Ndiyo, sioni. Umeshajua, na nadhani ulijua tangu zamani, ukanyamaza. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia linaniletea mwanga tu, kama dirisha la karatasi. Daktari wa wilaya alisema tumechelewa. Sikumwambia Wegesa kwa sababu nilijua angekuja kunibeba kama gunia.

Magige simlaumu, ananipenda. Lakini nimemjibu hivi: mimi simwoni Ezra, Ezra ananiona. Ensoni, hii heshima yetu ya ukwe, haikukaa machoni pangu peke yangu. Kwa kuwa nimekuwa kipofu, ndiyo niwe kitu cha kutazamwa na kila mtu, nikipapasa ukuta, nikimwaga uji? Nilikuwa mama mkwe wa mtu nikiona. Nataka niwe mama mkwe wa mtu nisipoona.

Ukuta ukiwepo nakuja. Usipokuwepo nabaki na kamba yangu, hata nikianguka tena. Ndiyo, nilianguka. Ukuta ukiwa tayari utaniambia wewe mwenyewe, na mimi nitaamini, maana sina njia ya kuhakikisha.

Nyangi

(Amemaliza. Mkwe, fanya haraka. Jana alikosa kamba, nikamkuta barabarani.)


Machochwe,
12 Novemba 2023

Mama mkwe,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Wegesa nimemsomea yote. Amelia, halafu akafuta machozi akaenda kubeba mbolea ya mbuzi kwa karai, na anaongea nami sasa.

Magige amefika hapa pia. Amesema maneno yale yale, kwamba niseme ukuta upo, uje, utajuaje? Sikufichi, mama, kwa nilivyosoma pale chini alipoandika Winfrida, nilikaribia kukubali. Usiku kucha Wegesa anageuka geuka. Ni neno dogo tu la kusema.

Lakini ningekohoa vipi mbele yako kila asubuhi, huku najua nimekudanganya?

Ukuta haupo bado. Unanifika kwenye nyusi. Mvua ni nzuri, matawi yametoka matatu matatu kama ulivyosema, na maua yameanza. Mkasi sijui uko wapi. Tafadhali nivumilie, na mwambie Winfrida alale kwako. Magige atamletea sabuni na sukari.

Kwenye njia zako, kutoka nyumba ya mashariki, nimepanda vitu vidogo vidogo. Ni urembo tu.

Ezra


Machochwe,
17 Desemba 2023

Mama,

Shikamoo. Leo naandika kwa kifupi kwa sababu Magige anawasha gari.

Leo asubuhi Wegesa alisimama upande wako, mimi upande wangu. Hakuniona. Nikanyoosha mkono juu, nikapunga. Akasema anaona mbaazi tu. Gloria akapanda juu ya stuli, akasema anaona mbaazi tu.

Ukuta upo. Njoo.

Ezra


Machochwe, upande wa pili wa mbaazi,
14 Januari 2024

Baba Gloria,

Nimekisikia kikohozi chako cha asubuhi. Marahaba.

Anaandika Wegesa. Nimemwambia akilia nitamrudisha Winfrida. Mimi mzima, nyumba haivuji, na jogoo wako anawika kabla ya wakati, mchinjeni.

Nataka nikwambie mambo mawili, halafu tutaendelea na heshima zetu.

La kwanza ni la siku nilipofika. Magige alinishusha kwenye geti langu. Nikamwambia Wegesa aniache nisimame. Nilijua upande wako ni kulia. Ee mkwe, nisamehe, nilinyoosha mkono nikitegemea kukuta hewa. Niliwaza, wamenihurumia, wamenidanganya, na mimi nitanyamaza kwa sababu sina pa kurudi. Nikashika jani. Nikashika tawi. Nikaenda nalo polepole, toka ghala mpaka kwenye migomba, nikitafuta mahali mkono unapopita. Hakuna. Kuku mwenyewe alikuwa analalamika miguuni kwangu amekosa njia. Nikapandisha mkono juu, nikasimama kwa vidole, na pale juu bado kulikuwa na jani. Nililia. Nakwambia kwa kuwa hukuniona.

La pili. Siku iliyofuata niliamka mapema, Wegesa amelala. Kamba yangu niliiacha Gorong'a, nikasema leo nitakaa ndani kama kuku wa mayai mpaka mtu aje anishike mkono. Nikafungua mlango. Mgagani wangu ulikuwa pale. Nikasogea mguu mmoja, kitu kikanigusa goti, kikanukia: mchaichai. Nikasogea, mwingine. Nikaufuata mpaka ukaisha, pua ikapata kivumbasi. Nikasimama. Nikajiuliza, mtu aliyenyoosha mbaazi kama sanduku, atapanda kivumbasi mahali ovyo? Nikakata kona. Choo hiki hapa.

Kurudi nikajaribu njia ya pili. Michaichai tena, halafu jani la nyanya mkononi, na chini yake bomba. Nilifungua maji mwenyewe. Nikanawa uso mwenyewe. Wegesa alipoamka alikuta nimechuma mboga ya mchana, nimekaa mlangoni. Akapiga yowe kama lile la mkasi.

Eti urembo tu! Na mimi nikakujibu habari za harufu kama mjinga, nikidhani umekosa la kuniuliza. Ulinichorea njia, na hukunitajia macho yangu hata mara moja. Mama mkwe hamshukuru mkwe kwa mdomo, kwa hiyo mdomo wangu umefungwa. Hii ni karatasi.

Mbaazi za upande wangu zimeiva. Nimezimenya mwenyewe, nimeziunga na samli. Wegesa anakuletea bakuli sasa hivi. Ukishiba, kohoa.

Nyangi